Ukikatwa bawasiri, usikiogope choo

Mimi ni dereva wa lori, nakaa Nkuhungu hapa Dodoma. Bawasiri nilikaa nayo muda mrefu mpaka ikafika hatua ya kukatwa. Upasuaji wenyewe sikuusikia, maana nilichomwa sindano ya ganzi mgongoni. Shughuli ilianza ganzi ilipoisha.

Wewe unayesubiri zamu yako, nisikilize hapa: kinachotesa zaidi ni choo kigumu, na woga ndio unaokifanya kiwe kigumu. Jirani mmoja alinishauri nisile ili nisiende chooni. Usithubutu. Choo kikikaa sana tumboni kinakauka, na siku kikitoka kinachubua kidonda upya.

Shangazi alikuja kutoka Chamwino na mlenda wake wa kukausha. Akaupika mpaka ukawa unavutika, akaniwekea na ugali wa uwele, papai pembeni, na jagi la maji ambalo hakuliacha likauke. "Kula baba, huo utelezi ndio unaoutaka." Juu yake nikawa nakunywa dawa ya maji ya kulainisha choo niliyopewa hospitali. Choo cha kwanza kiliuma, sifichi, lakini kilipita.

Nikitoka hapo ni moja kwa moja kwenye beseni. Maji ya vuguvugu, unayapima kwa kiwiko kama ya kumwogesha mtoto mchanga, wala huweki dawa yoyote ndani. Nakaa dakika 10 hadi 15. Msuli wa njia ya haja kubwa ukiumizwa hujikaza, ndiyo maana maumivu yanaendelea kupiga hata ukishamaliza haja. Lile joto linaulegeza, unausikia kabisa unavyoachia. Halafu najikausha taratibu kwa kitambaa laini, bila kusugua.

Dawa za maumivu nilizimeza kwa saa zilizopangwa, hata kama wakati huo siumwi. Nilipewa parasetamo na diklofenaki, na kabla ya hiyo ya pili daktari aliniuliza kwanza kama nina vidonda vya tumbo. Tramado inatuliza kweli, ila inafunga choo. Ukiandikiwa, uliza na ya kulainisha.

Damu kidogo wakati wa kujisafisha isikutishe. Ila damu ikimiminika, ukipata homa, au mkojo ukigoma kutoka, usisubiri kukuche. Ita bajaji urudi hospitali usiku huohuo.