Unyoya kwenye Mwiba: Siku Yangu Moja Rondo

Saa 10:40 alfajiri. Simu inaita, jogoo hata hajawika. Ni mwenyekiti wa kitongoji. "Amka bwana. Mngwa kabeba mbuzi wa babu." Hakusema chui, hakusema fisi. Huku kwetu Rondo, mkoani Lindi, mnyama akija usiku, akaua na kutoweka asionekane na mtu, jina hilo ndilo linalotangulia. Wengine humwita nunda. Bibi yangu alinisimulia kwamba ni mkubwa kama punda, ana milia ya kijivu kama paka wa nyumbani, na mchana hajapata kuonekana.

Mimi ni askari wa wanyamapori wa kijiji. Nikivaa buti huwa najua tayari kwamba nitakwenda kutazama nyayo na kusikiliza hadithi, na vyote viwili navihitaji.

Saa 11:30. "Shikamoo babu." "Marahaba mwanangu. Pita ujionee mwenyewe." Zizi lake limezungushiwa miiba, na upande wa bondeni limefumuliwa. Mwiba mmoja ulikuwa umenasa unyoya. Niliutoa taratibu, nikauweka kiganjani, tukauinamia sote wawili katika mwanga ule wa alfajiri ambao si usiku wala si mchana. Ulikuwa wa kijivu. Babu akaniangalia. "Umeona?"

Nilikuwa nimeona. Nikaufunga kwenye karatasi ya daftari, nikautia mfuko wa shati.

Saa 12:20 asubuhi, kumekucha. Kwenye mchanga wa njia ya shambani nyayo zilikuwa zimetulia vizuri kwa umande. Nikapima: sentimita 8, duara, vidole vinne, hakuna alama ya kucha. Mbwa na fisi hawawezi kuficha kucha zao, kila wanapokanyaga zinachora. Jamii ya paka kwa kawaida hukunja zao ndani. Simba mzima angeacha unyayo mkubwa kuliko huo. Tukafuata mburuzo hadi kwenye mkorosho mkubwa, na mbuzi alikuwa juu, ameninginizwa kwenye panda la matawi, shingo ina matundu ya meno. Fisi hapandi mti. Anayeua kwa kukaba koo kisha akapandisha nyama juu ni chui.

Saa 1:30 jua likawa limechomoza juu ya mikorosho. Nikafungua karatasi. Unyoya ulikuwa wa manjano, ncha nyeusi.

Babu aliugeuza geuza kwa muda mrefu bila kusema. Nikamweleza ninavyoelewa mimi. Jicho letu lina chembe za aina mbili: zile za kuona rangi zinataka mwanga wa kutosha, na zile zinazofanya kazi gizani hazijui rangi, zinajua weusi na weupe tu. Kwa hiyo mnyama yeyote tunayekutana naye usiku ni wa kijivu. Yeye hutuona vizuri kuliko sisi tunavyomwona. Nyuma ya jicho la paka kuna utando unaorudisha mwanga upite mara ya pili, ndiyo maana ukimmulika tochi macho yanawaka.

"Sawa," akasema. "Na yule askari wa sokoni?"

Kisa hicho wazee wanakijua. Hichens, mtawala wa Kiingereza aliyekuwa Lindi mwaka 1922, aliandika miaka 15 baadaye kwamba watu waliuawa mjini usiku mfululizo, akiwemo askari wa zamu sokoni, na mkononi mwa marehemu kulikutwa manyoya ya kijivu. Hapo hoja yangu ya macho inapungua nguvu, kwa sababu manyoya yaliyo mkononi unaweza kuyatoa juani. Nilimwambia babu hivyo hivyo. Sikutaka kumshinda kwa ujanja.

Nimelifikiria jambo hili miaka mingi nikitembea msituni. Mngwa anaweza kuwa mnyama wa kweli anayewinda usiku? Kila sifa anayopewa ni sifa ya paka: hatua isiyosikika, kuvizia, kukimbia macho ya watu. Kinachonikwamisha ni chakula. Simba jike anahitaji wastani wa kilo tano hivi za nyama kwa siku. Paka wa ukubwa wa punda angehitaji zaidi, tena asingekuwa peke yake. Angekuwa na mwenzake na watoto, na wote wangeacha kinyesi, mifupa na mikwaruzo kwenye magome.

Ila usiku unaficha kweli, hilo silikatai. Hapa hapa Rondo kuna komba mdogo wa gramu 60 hivi ambaye wanasayansi walimpa jina lake miaka ya 1990 tu, na kilichosaidia kumtenga na jamaa zake ni mlio. Babu zetu walilala chini yake vizazi vyote hivyo. Lakini komba anayekula wadudu si sawa na mla watu. Mimi naamini mngwa ni simba na chui wa miaka ya vifo vingi, waliotazamwa na macho yaliyokosa mwanga na mioyo iliyojaa hofu.

Saa 4. Ofisi ya kijiji, fomu ya kifuta jasho, yaani fedha ya serikali kwa aliyepata hasara ya wanyamapori. Kuna sehemu ya jina la mnyama, na hapo mngwa haandikiki. Nikaandika chui, nikaeleza nyayo na mti, babu akaweka dole gumba.

Mchana nimekula ugali wa muhogo na kisamvu, nikalala saa moja.

Saa 10 jioni nilianza kuzunguka madungu, vile vibanda vya juu vya kulindia mashamba. Hii ndiyo kazi inayonikosesha usingizi. Mtama umekomaa, nguruwe pori wanaingia mashambani, watu wanalala huko kuwafukuza, na simba anawafuata nguruwe. Watafiti waliokusanya visa zaidi ya 1,000 vya simba kushambulia watu Tanzania kati ya 1988 na 2009, vingi vya Rufiji na Lindi, walikuta watu wengi walikamatwa kati ya saa 12 jioni na saa 4 kasorobo usiku, hasa siku zinazofuata mwezi mpevu. Mwezi mkali humnyima simba mawindo. Ukianza kuchelewa kutoka, giza la jioni linamkuta ana njaa, na sisi bado tuko njiani.

Leo ni usiku wa tatu baada ya mwezi mpevu.

Saa 12:40. Nimefika dungu la mwisho, la babu. Wajukuu wawili wamejikunyata chini ya kanga moja, naye anawasimulia paka wa Sultani Majinuni, aliyeanza kwa kula mifugo huku Sultani akikataa asiuawe, mpaka akafikia kula watu. Nikamtazama babu. Mbuzi wake mwenyewe ameliwa leo. Komba mkubwa akalia korongoni kama mtoto mchanga, wajukuu wakasogeleana.

Mdogo akasema anataka kushuka kujisaidia.

"Ngoja mwezi utoke," babu akamwambia. "Saa hizi mngwa anatembea."

Sikumsahihisha. Tulikaa kimya tukisikiliza mtama ukisuguana kwa upepo. Saa mbili na robo hivi anga la mashariki likapauka, kisha mwezi ukatokeza mwekundu nyuma ya mikorosho. Nikawasha tochi, nikamulika kuzunguka dungu lote mara mbili, nikatangulia kushuka, nikamshika mtoto mkono.