Siku moja maishani mwangu: Jumamosi ya mwinjilisti wa mtaa

Saa kumi na moja alfajiri. Huku kwetu Lushoto ukungu hauishii mlangoni, unaingia mpaka jikoni. Nawasha moto, nabandika chai, nafungua Mathayo 20. Mimi ni mwinjilisti wa KKKT, Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania. Mchungaji ana usharika mzima wenye mitaa kadhaa, kwa hiyo kwetu anafika siku za Meza ya Bwana. Jumapili zilizobaki mimbari ni yangu, na mafundisho ya katikati ya wiki pia. Wazee hawaniiti mwinjilisti. Wananiita "mwalimu", kama walivyowaita walionitangulia, tangu wamisionari wa Bethel kutoka Ujerumani walipoanza kazi Mlalo mwaka 1891.

Saa kumi na mbili na nusu niko shambani. Posho ya mwinjilisti haitoshi kulea watoto, tusidanganyane. Nina ngwe mbili za kabichi, na leo ni zamu yangu ya maji ya mfereji.

Saa tatu, kipaimara, darasa la vijana wanaojiandaa kuthibitisha imani yao kanisani. Wanafunzi kumi na tisa, madaftari yamelowa umande. Kwetu darasa hili ni la miaka miwili, na Katekisimu Ndogo ya Luther, ile ya mwaka 1529, wanatakiwa waijue kwa moyo. Kukariri wanajua, tena wanakariri kama kasuku. Mimi nawinda maswali.

Leo nimelipata moja. Tunasoma Yohana 1: "Hapo mwanzo kulikuwako Neno, naye Neno alikuwako kwa Mungu." Binti mmoja wa kidato cha kwanza akanyoosha mkono. "Mwalimu, shuleni tumefundishwa neno lipo ngeli ya LI-YA. Neno limesemwa, maneno yamesemwa. Mbona hapa ni 'alikuwako'? Wachapaji wamekosea?"

Nilitamani kumnunulia soda. Nikawaambia warudie polepole. "Kulikuwako" inaficha kila kitu. Hujui bado kama ni mtu au kitu. Siri inatoboka kwenye "naye". Kisha tukashuka mstari wa 14: Neno alifanyika mwili, akakaa kwetu. Nikauliza, "Neno la kawaida linaweza kuja kukaa kwenu?" Wakacheka. Kijana wa nyuma akajibu, "La bibi linakaa mwaka mzima." Basi somo zima la Umwilisho, Mungu kufanyika mtu, tumelifundisha kwa ngeli.

Saa sita na nusu makande, halafu usingizi wa dakika ishirini. Saa nane nimepanda kilima kumwona mama mmoja aliyelazwa na miguu tangu masika. Hakutaka mahubiri. Alitaka Zaburi ya 121, mara mbili, nayo nikamsomea mara mbili.

Saa kumi jioni, jumuiya, ibada ya majirani nyumba kwa nyumba. Yaani watu wanajaa saa kumi na nusu. Safari hii ni nyumbani kwa mzee mwenye Biblia ya Roehl ya mwaka 1937, urithi wa baba yake, jalada limeshonwa kwa uzi wa gunia. Karl Roehl mwenyewe aliwahi kuwa mmisionari huku Usambara, na katika tafsiri yake aliyakwepa maneno ya asili ya Kiarabu. Sisi wengine tuna tafsiri ya Union ya mwaka 1952. Mzee hufuatilia kwa kidole, akisikia tofauti anakohoa.

Somo ni wale wakulima wa shamba la mizabibu, walioajiriwa saa tofauti, jioni kila mmoja akalipwa dinari moja. Hapa Kiswahili kinanipa mteremko: mwenye shamba anatoka saa tatu, saa sita, saa tisa, saa kumi na moja, na hizo ni saa zetu hizihizi, zinahesabiwa tangu jua kuchomoza. Sihitaji kutafsiri. Na dinari ni ujira wa kutwa. Nusu ya waliokuwa kwenye mkeka leo walikuwa mtoni wanaosha karoti za kupakia Fuso la Dar. Wanajua kibarua ni nini.

Ndiyo maana walikasirika. "Tuliostahimili taabu na hari za mchana kutwa," dada mmoja alirudia mstari, vidole vyake bado vimekunjamana kwa maji. "Mimi nimestahimili. Aje mtu saa kumi na moja, tulipwe sawa? Hapana, mwalimu."

Nikasema mwenye shamba hakumdhulumu mtu, walipatana dinari. Nikasema wale wa jioni hawakuwa wavivu, hakuna aliyewaajiri, na watoto wao nao wanakula. Wengine wakaitikia "Amina", ile amina ya kumsitiri mwalimu.

Mzee akafunga Roehl yake. "Mwalimu, nauliza. Kesho yake, kulipokucha, nani alitokea alfajiri?"

Kimya. Kisha kicheko, kisha watu wote wakaongea kwa pamoja. Nimefundisha somo hilo si chini ya mara kumi, sijawahi kuulizwa hivyo. Nikasema ukweli: Yesu hakutusimulia kesho yake. Mzee akatikisa kichwa, hakuridhika, akaagiza chai iletwe.

Saa tatu usiku. Nimeandaa matangazo ya kesho. Swali la mzee nimeliandika kwenye daftari, chini ya hesabu ya sadaka ya jumuiya. Mchungaji anapita Jumanne.