Moshi unaongea: siku yangu gereji, Ngarenaro, Arusha

Saa 12:30 asubuhi. Nafungua gereji. Kibaridi kinauma, Mlima Meru uko wazi, na vifodi, zile daladala ndogo, vya Kwa Mrombo vimeshaanza kupiga resi. Wanafunzi wanaosubiri usafiri wamejifunika pua kwa sweta. Kwa kimo chao, wao ndio walio karibu zaidi na ekzosi.

Saa 2. Inaingia bajaji inayotoa moshi mweusi. "Fundi, inakunywa mafuta, na Ilboru haipandi kabisa." Nafungua chujio la hewa: vumbi limegandana na oili kama uji wa ulezi uliolala. Injini ikikosa hewa, petroli haiungui ikaisha; inayobaki inatoka kama masizi, pamoja na ile kaboni monoksaidi isiyo na rangi wala harufu. Naweka chujio jipya, nasafisha plagi, narekebisha kabureta. Kisha nashika kitambaa cheupe mdomoni mwa ekzosi. Kinapata doa la kijivu, basi.

Saa 4, chai na chapati.

Saa 5 ndipo penye kazi. Bajaji nyingine, moshi wa bluu. Huo si wa chujio: ringi za pistoni zimekwisha, oili inapanda juu na kuungua. Dereva, kijana mdogo, anakohoa huku akieleza. "Ringi ni juu ya tajiri mwenye bajaji, fundi. Mimi nina hesabu ya siku ya kumpelekea jioni. Niwekee oili nzito, moshi upungue."

Nimekataa. Oili nzito inauficha moshi siku chache tu, ringi zinabaki vilevile. Nampigia tajiri. "Si inatembea?" ananiuliza. Namweleza kwamba chembe za moshi ule ni ndogo mno, nyingi hazifiki hata sehemu ya ishirini ya unene wa unywele, ndiyo maana zinazama hadi ndani ya mapafu. Na wa kwanza kuzivuta ni huyu anayemletea hesabu. Amekaa kimya, kisha akasema ataileta Jumamosi, injini ishushwe. Siku ya kushusha injini hatadai hesabu; hilo nililibana mpaka akalitamka.

Mchana ni nozeli, zile za kupulizia mafuta kwenye injini, za kifodi cha dizeli, hadi saa 11.

Saa 12 jioni yule wa moshi mweusi wa asubuhi amepita na abiria watatu, akapiga honi. Nimeitazama ekzosi yake mpaka alipokata kona. Haikutoa moshi.