Boga la kijivu

Hii ni ya 2005, Leicester, Uingereza. Ramadhani imeangukia Oktoba na sisi ndo mwaka wetu wa kwanza kulima alotimenti, yani vile viploti mnavyokodi kwa halmashauri, kila mtu na kibanda chake cha mbao na pipa la maji ya mvua. Tulipewa nusu ploti imejaa magugu hadi kiunoni, nikasema mtoto wa Muheza atashindwaje na jembe.

Jirani yangu pale alikuwa mzee wa Kihindi, mzaliwa wa Jinja, wale waliofukuzwa na Amin 1972, na Kiswahili hajakiacha. Alinihadithia kwamba mwaka ule halmashauri ya Leicester ilitoa tangazo kwenye gazeti la Uganda Argus kuwaambia wasije. "Sasa mimi ndo kusoma tangazo najua iko mji inaitwa Leicester!" Anacheka mpaka anakohoa.

Basi Jumapili tarehe 30 nikaenda kutoa vilivyobaki. Nilikuwa na hamu na majani ya maboga niyaunge na karanga, nayakuta yote yameota ukungu mweupe kama yamepigwa chokaa. Nikachimba viazi, nikang'oa bitiruti tatu nne, nikakata boga langu. Lilizaa moja tu la maana, la rangi ya chungwa, zito balaa, naliweka kwenye toroli najisikia kama nimejifungua.

Mzee kaliangalia. "Mama, hiyo boga ya maji. Ya kuchonga macho hiyo." (Kesho yake ilikuwa Halloween, ile siku Wazungu wanachonga maboga sura za kutisha.) Nikamjibu mzee wangu, boga ni boga tu. Hakubishana, kaingia kibandani katoka na lake dogo la kijivu, baya, kama jiwe, kaliweka juu ya langu, karudi kwenye vitunguu vyake.

Nyumbani nikamenya la kwangu, chumvi, sukari, iliki, maji kikombe kimoja tu. Jamani! Lilitoa maji kama limefungua bomba, nyuzinyuzi zinaelea. Nikajidanganya tui litalishika, nikamimina kopo zima, ikawa uji. Na usiku wa kuamkia siku ile saa zilirudishwa nyuma saa nzima, kama wanavyofanya Uingereza kila mwisho wa Oktoba, jana tumefuturu saa 11 na dakika 40, leo ni saa 10 na dakika 40, saa ya ukutani mume wangu kashairekebisha ila mimi kichwani bado niko jana, najiona nina muda wa kumwaga. Alipopita jikoni akauliza "mbona hujatandika mkeka, imebaki nusu saa" ndo nikachanganyikiwa.

Nikachukua lile la kijivu. Kisu kikaganda humo, nikalipigiza kwenye ngazi ya nje, likapasuka. Ndani rangi yake kama kiini cha yai la kuku wa kienyeji. Sikuhangaika hata kulimenya, maji kidogo, funika, na kopo la mwisho la tui. Nilipofunua vipande vimechanika vyenyewe, unga mtupu, tui limekaa juu zito, ile harufu nikajua niko Muheza kwa bibi.

Adhana ya redio ikalia nimeshika upawa. Kesho yake nikampelekea mzee bakuli, kala kasimama palepale, kasema iliki kidogo.

Na ule uji wangu? Mume wangu alikunywa bakuli mbili, akauliza hii supu mpya nimejifunza kwa nani.