Nilidhani nimemrithisha mwanangu meno mabovu

Mi nimezaliwa Maji ya Chai, chini ya mlima Meru, na jina la pale lenyewe linakwambia maji yakoje hehe. Kwetu meno ya kahawia kawaida tu, darasa zima tulikuwa nayo, nilikuja kujistukia nilivyoolewa Mwanza watu wakawa wananiuliza kama nabwia ugoro. Mpaka picha za harusi nimeziba mdomo.

Sasa binti yangu kufika miaka 6 magego ya kwanza ya ukubwani yakaota na mabaka ya njano, moja linameguka kama chaki, akinywa maji ya baridi analia. Mama mkwe bila kupepesa macho, "si damu ya kwenu hiyo". Iliniuma maana hata mimi nilishaamini hivyo.

Daktari wa meno wala hakuuliza ukoo, kaniuliza mpaka miaka 8 nilikuwa nakunywa maji gani. Ya mtoni, na makande tunatia magadi. Akasema mama hayo yako ni floraidi, madini yaliyomo kwenye maji, shirika la afya duniani WHO wanataka isizidi miligramu 1.5 kwa lita, ikizidi inaharibu jino likiwa bado linajitengeneza chini ya fizi, na kuchemsha hakuitoi, maji yakipungua ndo inakolea zaidi. Na marehemu mama alivyokuwa anatuchemshia kila siku, masikini!

Kuhusu binti, daktari akasema ya kurithi ipo, ila hiyo kwa kawaida inapiga meno yote hadi ya utotoni, na ya mwanangu ya utotoni yalikuwa meupe pee. Yake ni magego yale na mawili ya mbele tu. Akauliza kama aliugua sana akiwa mdogo, nikakumbuka nimonia ya kabla hajafika mwaka, tulilazwa wiki mbili. Akasema inaweza ikawa hiyo ila hawezi kuapa.

Akaliziba gego, halafu akachukua kibrashi anataka kumpaka eti floraidi! Nikamdaka mkono. Alicheka huyo, akanielewesha kwamba kidogo ikipakwa juu ya jino lililokwisha ota inalikaza, mimi niliinywa nyingi jino halijaota.

Yangu kayasugua juujuu na kuyapaka kijazio cheupe, mawili ya mbele tu kwa sababu ya hela. Mdogo wangu bado yuko kule na ana kachanga, nimemtumia hela ya tenki akinge mvua, uji wa mtoto na maji ya kunywa yawe hayo hayo.