Vidole viwili na siku moja ya studio

Kila nikiiweka albamu ya kwanza ya Black Sabbath, bendi ya roki nzito, mawazo yangu huenda kwenye vidole vya mpiga gitaa wake, Tony Iommi. Alikuwa kijana wa miaka 17 huko Birmingham, Uingereza, akifanya kazi kwenye kiwanda cha vyuma, mashine ikamkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia. Naye hupiga gitaa kwa mkono wa kushoto, kwa hiyo mkono ulioumia ndio wa kubana nyuzi. Msimamizi wake kiwandani akamletea santuri ya Django Reinhardt, bingwa wa jazi ambaye mkono wake wa kubana nyuzi uliharibiwa na moto, akabaki kutegemea zaidi vidole viwili. Iommi akapata moyo. Akayeyusha chupa ya plastiki, akajitengenezea vifuniko vya vidole, akavivika ngozi ili vishike. Nyuzi za kawaida zilimuumiza, akatafuta nyembamba, hata za banjo.

Watu wakiulizana uzito wa albamu hii ulitoka wapi, hutaja uchawi na misalaba. Mimi nasikia mtu aliyejifunza chombo chake mara ya pili, huku kila noti ikimgharimu.

Sikiliza wimbo wa kwanza, wenye jina la bendi yenyewe. Mvua, kengele na ngurumo viliongezwa baadaye. Kisha zinaingia noti tatu: ya chini, ileile oktava moja juu, halafu ya tatu inayogoma kupatana na zile mbili. Geezer Butler, mpiga besi, alikuwa akiupenda sana muziki wa Gustav Holst, mtunzi Mwingereza wa muziki wa klasiki, hasa "Mars", na mgongano uleule wa sauti umo humu. Mwili unasisimka kabla mwimbaji Ozzy Osbourne hajafungua kinywa.

Hata hivyo hii bado ni bendi ya bluzi, ileile iliyokuwa ikizunguka kwenye klabu kwa jina la Earth. "The Wizard" inafunguliwa na harmonika ya Ozzy. Na Bill Ward kwenye drams! Alilelewa na jazi, akamhusudu mpiga drams Gene Krupa, ndiyo maana hatulii kwenye mdundo mmoja. Anamjibu Iommi sentensi kwa sentensi. Sifa nyingi humwendea mpiga gitaa, na naona Ward hajatendewa haki.

Walirekodi tarehe 16 Oktoba 1969, London, chini ya prodyuza Rodger Bain, kwa siku moja tu. Walipiga pamoja kama wako jukwaani, Ozzy akiimba kwenye chumba chake pembeni wakati huohuo. Gitaa la Iommi, Fender Stratocaster, likaharibika kazi ikiendelea, akachukua Gibson SG ya akiba. Tangu hapo SG ikawa sauti yake.

Albamu ikatoka Ijumaa, 13 Februari 1970. Wakosoaji wengi waliiponda, wasikilizaji wakaipandisha hadi nafasi ya 8 Uingereza. Wakosoaji walikuwa wakitafuta ustadi uliosafishwa, na muda wa kusafisha haukuwepo. Ndio uzuri wake. Kwenye "Warning", wimbo wa zaidi ya dakika kumi, Iommi anaachwa peke yake na gitaa, akipapasa njia, akianza wazo na kuliacha, mpaka wenzake wanaporudi kumchukua. Hiyo ndiyo sehemu ninayoirudia kuliko zote.