Nilivyohamia Windows 11 bila kupiga chini kompyuta ya dukani

Kompyuta ya kaunta katika steshenari yangu hapa Morogoro niliinunua ikiwa imetumika, kwa laki tano na ushei, na tangu siku hiyo imefanya kazi kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwajiri. Inachapa, inaskani, inatoa picha za pasipoti, inajaza maombi ya ajira ya vijana wa mtaa mzima, na msimu wa wanafunzi kuomba mikopo ya vyuo haipumziki tangu asubuhi hadi tunapofunga. Kwa hiyo niliposikia kwamba tarehe 14 Oktoba 2025 ndiyo siku ya mwisho ya Windows 10 kupewa masasisho yake ya kawaida ya usalama, niliingiwa na hofu ya kweli, maana flashi zinazochomekwa kwenye kompyuta ya steshenari zimepita kwenye mikono ya watu wengi kama ile noti ya mia tano ya zamani.

Masharti ya Windows 11 tuliyatimiza bila shida. Prosesa ni Core i5 ya kizazi cha nane, ambacho, ukiacha prosesa chache, ndicho kizazi cha mwanzo cha Core kinachokubaliwa, kumbukumbu ni gigabaiti 8, na ile chipu ya usalama ya TPM 2.0 ilikuwemo, ila ilikuwa imezimwa kwenye BIOS, ile mipangilio ya msingi ya kompyuta, nikaiwasha. Faili la kusakinishia, lenye gigabaiti tano na zaidi, nililipakua kwa kifurushi cha usiku. Nilifunga duka saa mbili, nikaanza kazi nikiwa na chupa ya chai pembeni, nikiamini kwamba chai ingeisha pamoja na shughuli.

Haikufika mbali. Kilitokea kibao kilichosema kwa Kiingereza kwamba kompyuta imeshindwa kuisasisha patisheni, yaani kipande cha diski, iliyotengwa kwa ajili ya mfumo, na chini yake namba 0x800f0922. Mimi nilisoma neno la kushindwa tu, nikafunga kibao, nikaanza upya. Kikaja kile kile. Nikaanza upya tena, mara ya tatu, kama abiria anayerudia kumwambia konda nauli ni ile ile akidhani konda atachoka. Konda hakuchoka.

Kesho yake ushauri ulianza kumiminika, na wa kwanza ulikuwa wa jirani yangu wa duka la simu, aliyeniambia kwa uhakika mkubwa kwamba tatizo ni nafasi. Neno hilo lilikuwa la kweli kwa namna ambayo yeye mwenyewe hakuijua, na ndiyo maana liliniponza. Nilikaa jioni mbili nzima nikifuta vitu kwenye C, ile sehemu kubwa ya diski inayobeba Windows na mafaili yangu: video za harusi ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua, mafaili yaliyoskaniwa tangu mwaka juzi, na albamu tatu za kwaya ambazo hadi leo najutia. Nilipata gigabaiti 70 tupu. Nikaanzisha tena usakinishaji kwa mbwembwe, na kibao kikarudi na namba yake ile ile, bila hata kuchelewa.

Ndipo nilipomwita fundi. Ni kijana mwenye adabu, aliingia na shikamoo yake, nikamwitikia marahaba, akaketi, akaangalia kibao kwa muda unaotosha kupiga chafya, kisha akasema, "Mama, hapo dawa ni moja tu. Tupige chini, tuweke Windows mpya. Ni kama elfu thelathini hivi, na kesho asubuhi unaichukua."

Nilimuuliza kama amesoma kibao kinasema nini. Akacheka kwa heshima, akaniambia kwamba vibao hivyo havisomwi.

Kwa kompyuta ya nyumbani pengine ningekubali. Lakini mashine yangu ya fotokopi ni ya zamani, draiva yake, yaani programu inayoiunganisha na kompyuta, ilikuja kwenye CD ambayo ilipotea tulipohama fremu, na hiyo draiva iliyomo ndani ya kompyuta ndiyo pekee niliyonayo. Kuipiga chini kompyuta, yaani kuifuta yote na kuanza upya, kulikuwa na maana ya kuipiga chini na mashine ya fotokopi, na mashine ya fotokopi ndiyo inayolipa kodi ya fremu. Nilimshukuru kijana, nikampa elfu tano ya usumbufu, nikabaki na ugonjwa wangu.

Aliyeanza kuutibu ni binti anayenisaidia dukani. Alichukua karatasi ya A4 iliyoharibika, akanakili nyuma yake kibao chote neno kwa neno pamoja na namba, halafu akasema, "Mama, mbona hapa hakuna mahali panapotaja C?" Nikasoma, safari hii kwa miwani. Kweli hapakuwa na C.

Nafasi iliyokuwa ikidaiwa ilikuwa ya patisheni nyingine kabisa, ndogo, isiyoonekana kwenye orodha ya diski za kila siku, inayokaa mwanzoni mwa diski na kutunza mafaili yanayoiamsha Windows kabla Windows yenyewe haijafumbua macho. Ni kama kibanda cha mlinzi getini: unaweza kuwa na nyumba yenye vyumba kumi vitupu, lakini ikiwa mlinzi hana pa kuweka daftari lake jipya, mgeni haingii. Kibanda changu kilikuwa na megabaiti 100 kwa jumla, na kilikuwa kimebakiwa na megabaiti tisa. Hizo gigabaiti 70 nilizozipata kwa kuwafuta wanakwaya zilikuwa ndani ya nyumba.

Hapo nikajiona nimeshaelewa kila kitu, na ndipo nilipofanya upumbavu wa kwanza. Niliwaza kwamba kama kibanda ni kidogo, basi nitakipanua kwa kukata kipande kwenye C. Nilifungua dirisha la kusimamia diski, nikapunguza C kwa megabaiti 500, na kweli nafasi ikapatikana, ikachorwa kwa ukanda mweusi unaopendeza. Tatizo ni kwamba ilipatikana upande wa kulia wa C, na kibanda changu kiko kushoto. Mtu aliyewahi kupima kiwanja atanielewa: nilikuwa nimemega ardhi kwenye mpaka wa jirani wa nyuma ili nipanue geti la mbele. Isitoshe, kati ya kibanda na C kuna kipande kingine cha megabaiti 16 ambacho dirisha hilo halikionyeshi kabisa, kwa hiyo hata ningefanikiwa kumega upande wa kushoto ningekikuta kimelala njiani. Kila nilipobofya kibanda kwa kitufe cha kulia, neno la kupanua lilikuwa la kijivu, halibonyezeki. Nilikaa nalo karibu saa nzima, nikibadilisha namna ya kubofya, kana kwamba rangi ingerudi kwa kubembelezwa, kisha nikairudisha ardhi kwa C nikaenda kulala.

Zipo programu zinazoweza kuisogeza C yote kulia ili nafasi ipatikane kushoto. Sikuzitumia, na kwa mtu mwenye umeme wa Tanzania na UPS (ile betri ya akiba) ya kubahatisha nisingemshauri azitumie, kwa sababu umeme ukikatika wakati C iko safarini hutapata wa kumlaumu.

Njia iliyonifaa ilikuwa kinyume chake: badala ya kupanua kibanda, kupunguza vilivyomo. Katika patisheni hiyo kuna folda ya fonti zinazotumiwa kuandika yale maneno machache yanayotokea kompyuta inapowaka, na fonti hizo hazihitajiki ili kompyuta iwake. Unafungua lile dirisha jeusi la amri kwa mamlaka ya msimamizi, unaandika mountvol y: /s, na kibanda kinapewa jina la Y. Nilijaribu kwanza kukifungua kwa kubofya kama folda ya kawaida, kikaniambia sina ruhusa, katika duka langu mwenyewe. Dirisha jeusi peke yake ndilo linaloruhusiwa kuingia.

Sasa nieleze jambo ambalo nilikuwa nimeapa kutolieleza. Niliandika cd y:\EFI\Microsoft\Boot\Fonts, nikabonyeza kitufe cha kuingiza, kompyuta haikulalamika, nikajua nimeshaingia. Nikaandika del *.*, yaani futa vyote, nikabonyeza tena. Likaja swali la kuuliza kama nina hakika, Y au N. Kidole changu kilikuwa kimeshafika juu ya Y. Kilichoniokoa ni miwani. Kabla ya swali kulikuwa kumeandikwa mahali ambapo ufutaji ungefanyika, na palikuwa pameandikwa C:\Windows\System32.

Nilikiondoa kidole taratibu, kama mtu aliyemwona nyoka kwenye shubaka. Amri ya cd haikuhamishi kutoka diski moja kwenda nyingine. Inakuandalia tu mahali kule Y huku wewe ukiwa bado umesimama C, na dirisha la msimamizi huanzia System32, moyoni kabisa mwa Windows. Yapo mafaili ya humo yaliyolindwa, lakini yasiyolindwa yangekwenda yote, na kijana wa shikamoo angepata elfu thelathini zake bila mjadala. Nilibonyeza N. Kisha nikaandika y: peke yake, herufi na nukta mbili, na mstari ukabadilika mara moja ukaonyesha folda ya Fonts, kwa sababu mahali nilikuwa nimeshaandaliwa. Tangu hapo kila mstari nilimtaka binti ausome kwa sauti kabla sijabonyeza chochote, naye aliusoma kwa furaha isiyofichika.

Tulipoziorodhesha fonti hizo tulicheka wote wawili. Nne kati yake ndizo zilizokuwa zimejaza folda, na majina yake yalikuwa chs_boot, cht_boot, jpn_boot na kor_boot: Kichina cha namna mbili, Kijapani na Kikorea. Fonti za herufi tunazotumia sisi zilikuwa vijifaili vidogo visivyofika hata megabaiti moja. Miaka yote hiyo, getini kwa kompyuta ya steshenari ya Morogoro, walikuwa wameketi wageni kutoka Mashariki ya Mbali, wakisubiri siku ambayo mtu angeiwasha kwa Kikorea. Nilizinakili zote kwenye flashi kwa tahadhari, nikafuta, na nafasi iliyobaki ikapanda kutoka megabaiti tisa hadi ishirini na mbili na kitu, wakati usakinishaji unadai kama 15 tu. Humo humo kulikuwa na folda kubwa zaidi, yenye jina la kampuni iliyotengeneza kompyuta na nakala za BIOS za zamani. Wapo wanaoifuta, mimi sikuigusa, kwa sababu nilikuwa nimeshapata nilichokitaka na mikono ilikuwa bado inatetemeka. Ukimaliza, mountvol y: /d inaliondoa jina la Y, na kibanda kinarudi kujificha.

Kabla ya kujaribu mara ya mwisho nilinunua betri mpya ya UPS kwa kama elfu sitini, ambayo ndiyo gharama kubwa kuliko zote katika hadithi hii, nikachomoa flashi zote, skana na ile mashine ya fotokopi. Mafaili ya wateja nilikuwa nimeshayaweka kwenye diski ya nje tangu mwanzo, jambo ambalo sidhani kama linahitaji kuelezwa. Mwenye diski iliyofungwa kwa BitLocker, lile kufuli la Windows, aandike ufunguo wake kwenye karatasi kabla hajaanza. Binamu yangu aliuhifadhi ndani ya kompyuta ile ile aliyokuwa akiifungua.

Kibao hakikutokea. Asilimia zilipanda, kompyuta ikajizima na kujiwasha mara kadhaa, umeme ukayumba mara moja na UPS ikalia, nami nikalia nayo, na ilipofika saa sita na nusu usiku nilikuwa natazama Windows 11 yenye kitufe chake cha kuanzia katikati, mahali ambapo hadi leo mkono wangu haujapazoea. Nilichomeka mashine ya fotokopi kabla hata sijabadilisha picha ya ukutani. Draiva ilikuwepo. Nilitoa nakala ya karatasi ya kwanza iliyokuwa karibu, ambayo ilikuwa ile A4 yenye kibao upande mmoja na hesabu za zamani upande mwingine. Folda ya Windows.old, inayotunza Windows ya zamani, niliiacha siku kumi, maana ndani ya siku hizo ndipo unaporuhusiwa kurudi Windows 10 ukijuta, na nafasi kwenye C ninayo, kwa hisani ya kwaya.

Wiki iliyofuata fundi alipita kuchapa risiti zake, akaona skrini.

"Shikamoo mama. Naona mlipiga chini."

"Marahaba baba. Hatukupiga chini."

Akatazama mashine ya fotokopi inavyotoa karatasi, akanitazama mimi, akasema kwamba ana mteja Kihonda mwenye kibao kile kile na angependa kujua nilifanyaje. Nilimchapia amri zote kwenye ukurasa mmoja, ile ya y: nikaikoleza wino na kuipigia mstari mara mbili, nikamtoza mia mbili kama mteja mwingine yeyote.